Ilhamu Haingojwi: Dhana Potofu Kuhusu Kazi ya Mchoraji

Takriban kila mteja anayeingia dukani kwangu Mji Mkongwe, na zaidi yao vijana wanaokuja kujifunza, huamini kwamba ilhamu humshukia mchoraji kutoka mbinguni, na kwamba asiposhukiwa hana budi kukaa na kungoja. “Maalim, leo sina ilhamu,” huniambia mwanafunzi ambaye brashi zake bado zimegandiwa na rangi ya wiki iliyopita. Kauli hiyo imenichosha, kwa sababu aghalabu maana yake ni kwamba tangu asubuhi hajatazama kitu chochote kwa makini.

Ukweli ni kwamba ilhamu huzaliwa ndani ya kazi. Mchoraji wa Kifaransa Claude Monet, katika miaka ya 1892 na 1893, alichora uso wa kanisa kuu la Rouen katika picha zaidi ya 30, akihama turubai moja hadi nyingine kila mwanga ulipobadilika, na wala hakuwa amepungukiwa na mada. Sisi tunazo kuta zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ikibanduka, hujitokeza rangi ya zamani, kisha lipu, kisha jiwe lenyewe lenye vitundu. Chini karibu na sakafu chumvi huchomoza kama unga, na wakati wa masika kuvu wa kijani hupanda kutoka hapo. Asubuhi ukuta huo unaweza kuwa wa manjano hafifu, na alasiri, ukiwa kivulini, ukakaribia zambarau, kwa kuwa kivuli hupokea mwanga wa anga na si weusi mtupu. Kwa hiyo kila mwanafunzi wangu huchora ukuta mmoja asubuhi, adhuhuri na alasiri kabla hajaniomba mada nyingine. Wengi hunung’unika, nami sibadilishi zoezi.

Wapo pia wanaodhani kwamba Tingatinga ni sanaa ya kale ya Zanzibar. Mtindo huo ulianzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, aliyetumia rangi za kupakia baiskeli na kufariki mwaka 1972. Mgeni akiniuliza kwa nini sichori twiga kama wachoraji wa mtindo huo, humjibu kwamba Unguja hatuna twiga.

Wengine husema kwamba mchoraji akihama kisiwani chemchemi yake hukauka. Mchoraji Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga, na hata hivyo kanga zimo katika kazi zake. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza.

Ama kuhusu kuchora kutoka picha ya simu, simu hukuamulia mwanga: huyazamisha maeneo ya kivuli yakawa meusi, au hulifanya anga la adhuhuri kuwa jeupe tupu. Itumike kukumbusha umbo la mlango au idadi ya madirisha, lakini rangi ziandikwe kwenye daftari papo hapo, kwa kalamu, kabla jua halijasogea.