Kwa nini gesi ya kupikia huuzwa kwa kilo

Kazi yangu ni vipimo, na kuna swali naulizwa sana: kama mtungini mna gesi, mbona tunapima kilo?

Mtungi mpya umejaa majimaji zaidi kuliko gesi. Ni propani na butani zilizoshindiliwa mpaka zikawa kimiminika. Ukifungua vali ukawasha jiko, majimaji hayo huchemka humo humo bila moto na kugeuka gesi. Joto la kuchemkia huchukuliwa kwenye chuma, ndiyo maana ukipika maharage muda mrefu kwa moto mkali, ubavu wa mtungi huwa wa baridi, hata ukatoka jasho. Lita 1 ya kimiminika hicho hutoa lita 240 hadi 270 hivi za gesi. Ujazo umeongezeka mara zote hizo, lakini tungamo, yaani kile tunachokipima kwa kilo, halikuongezeka hata gramu, kwa sababu molekuli ni zile zile, idadi ile ile; zimeachana tu. Kilo hupungua mtungini kwa kiasi kile tu kilichotoka kwenda jikoni.

Kwa hiyo msitegemee geji ya mgandamizo. Maadamu majimaji yapo, yataendelea kuvukiza na kujaza nafasi iliyoachwa, na sindano itasimama karibu pale pale, mtungi uwe umejaa au umebaki robo. Itashuka majimaji yakishakwisha, na hapo wali uko nusu njia. Kutikisa mtungi nako ni kubahatisha. Tazameni namba ya uzito wa mtungi mtupu iliyopigwa chapa kwenye chuma. Tuseme ni kilo 15.2, na mizani inasoma 22.7: mna kilo 7.5 za gesi, yaani nusu ya mtungi wa kilo 15. Nawasihi, mnaponunua, mtungi upimwe mbele yenu kabla hamjatoa pesa. Ni haki yenu.

Petroli nayo ni hivyo hivyo. Ikipata joto nyuzi 10 zaidi, lita 1,000 huwa kama 1,010, na kilo ni zile zile. Wafanyabiashara wakubwa wa mafuta hulijua hilo, ndiyo maana hukokotoa lita zao kwa nyuzijoto moja waliyokubaliana.

Anayetaka kujaribu nyumbani agandishe maji kwenye chupa ya plastiki, aache nafasi juu kwa kuwa barafu huchukua ujazo zaidi kwa asilimia 9 hivi, kisha aikaze kifuniko na kuipima. Barafu ikiyeyuka apime tena. Kwa wanaoishi Tanga au Mombasa, mizani huenda ikaonyesha gramu kadhaa zaidi, na wengi hapo hudhani kanuni kwamba kilo hazibadiliki imevunjika. Gramu hizo zimetoka hewani: ni unyevu uliogeuka matone juu ya chupa baridi. Ifuteni vizuri kwa kitambaa kikavu, chini pia, ndipo muirudishe kwenye mizani.