Kumngoja Mungu si kukaa kibarazani: dhana potofu katika madarasa yetu ya vijana

Novemba, mvua zikianza kunyesha Mbeya, vijana wa kidato cha nne humaliza mtihani wa taifa na kurudi nyumbani. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na waliochaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Hapo katikati ni karibu miezi 8. Nafundisha kipaimara na kulea vijana wa usharika huku Uyole, na miezi hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba mengi tunayosema kuhusu subira hayawafiki. Tunawaambia "mngojeni Bwana", wanaitikia "Amina", kisha wanakwenda kukaa kibarazani. Makosa mengine ni yao. Mengi ni yetu walimu.

Dhana: Kumngoja Mungu ni kutulia, usiguse kitu mpaka ajibu

Hii ndiyo mama wa zote. Kijana anakwambia, "Mwalimu, mimi namwachia Mungu." Ukimuuliza wiki nzima amefanya nini, ameangalia tamthilia na kulala.

Yakobo alipotaka kueleza uvumilivu hakumchagua mtu aliyelala. Alimchagua mkulima: "Tazama, mkulima hungoja mazao ya nchi yaliyo ya thamani, huvumilia kwa ajili yake hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho" (Yakobo 5:7). Tukifika hapo naacha kuhubiri, nauliza tu: mkulima anayengoja mvua, mwezi wa kumi anafanya nini? Majibu yanamiminika. Anasafisha shamba. Anatafuta mbegu. Ananunua mbolea mapema. Na akishapanda? Palizi, mbolea ya kukuzia, kufukuza ngedere. Mahindi ya huku kwenye baridi hukaa shambani karibu nusu mwaka, na watoto hawa wameyapalilia tangu wadogo. Sijawahi kusikia hata mmoja akijibu kwamba mkulima anakaa.

Inafaa pia kuwaambia kwamba mvua alizozitaja Yakobo ni za Palestina. Za kwanza huanza Oktoba au Novemba, watu wakapanda ngano na shayiri. Za mwisho hunyesha Machi na Aprili, nafaka ikikaribia kukomaa. Kalenda yao inakaribiana na yetu kuliko nilivyodhani nilipokuwa kijana, ingawa kwao hayo ni majira ya baridi na kwetu ni joto, kama kweli Mbeya kuna joto. Kati ya mvua hizo mbili mkulima ana miezi ya kazi, na hakuna hata siku moja anayoweza kuivuta mvua ije. Hayo mawili yanakaa pamoja katika mtu mmoja.

Kuna na Yeremia 29. Mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani, umeandikwa kwenye kava za simu na fulana za mahafali. Wa 10, unaotaja miaka 70, sijauona kwenye fulana yoyote. Barua hiyo iliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na kabla ya ahadi inakuja amri: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake" (29:5). Aliyeambiwa angoje miaka 70 aliambiwa apande bustani.

Kijana mjanja hakosi. "Lakini mwalimu, Ibrahimu alijaribu kumsaidia Mungu akaharibu." Hoja nzito hiyo, usimkatishe. Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani, na Isaka alizaliwa yeye akiwa na miaka 100. Katikati, akiwa na 86, alizaliwa Ishmaeli, kwa Hajiri, kijakazi wa mkewe Sarai. Sasa mweke Yusufu pembeni yake. Yusufu aliota ndoto akiwa na miaka 17 na kusimama mbele ya Farao akiwa na 30. Naye hakutulia tu. Gerezani alimwomba mkuu wa wanyweshaji amtaje kwa Farao (Mwanzo 40:14). Akasahauliwa miaka 2 mizima, lakini aliomba, na Biblia haimlaumu kwa hilo. Tofauti ni nini? Darasa moja lilibishana mpaka kengele ya ibada ya pili ikalia. Jibu lililonikaa lilitoka kwa binti asiyependa kusema: Yusufu aliomba msaada, Ibrahimu na Sarai walimtumia mtu. Hajiri alikuwa kijakazi, hakuulizwa. Tangu hapo natumia kipimo hicho, na sikukitoa katika kitabu chochote. Kijana anayejiunga na mafunzo ya cherehani akisubiri matokeo bado anamngoja Mungu. Anayenunua majibu ya mtihani ameacha kungoja.

Dhana: "Mvumilivu hula mbivu" ni neno la Mungu

Ni neno la wahenga, sawa na "subira yavuta heri". Nimesikia yote mawili yakinukuliwa madhabahuni kama yanatoka Mithali. Methali ni nzuri, sina ugomvi nazo, ila kijana anatoka na hesabu: nikingoja vya kutosha, nitapata nilichokiomba. Asipopata, anaona ama Mungu ni mwongo ama yeye mwenyewe ana dhambi fulani iliyofichika.

Waebrania 11 inataja orodha ndefu ya wenye imani, kisha mstari wa 39 unasema wote hao hawakuipokea ile ahadi. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:8-9). Alijibiwa, na mwiba ukabaki. Wasomee vijana hayo kabla maisha hayajawasomea.

Na kwa watoto wa Rungwe na Njombe hiyo "mbivu" yenyewe ina kichekesho. Parachichi haliivi mtini. Linakomaa juu, lakini kulainika mpaka lichumwe. Ukikaa chini ya mti ukingoja liive ndipo upande, utangoja sana. Mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na mwenye shamba anajua kungoja kwake kuna siku ya kupalilia, siku ya kupogoa na siku ya kupanda ngazi.

Dhana: Ukimuuliza Mungu "mpaka lini?" umekosa imani

Fungua Zaburi 13. Katika mistari miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Zaburi hiyo imo katika Biblia zetu na hakuna aliyeikata. Kijana aliyefeli akikwambia amechoka kuomba, usimjibu kwa pambio. Mpe zaburi hiyo aisome kwa sauti, basi.

Dhana: Subira maana yake vumilia, usiseme

Hapa sitanii. Tunda la Roho liitwalo uvumilivu katika Wagalatia 5:22 limetumiwa kuwanyamazisha watoto wanaoumizwa. Binti anayeshikwashikwa na mjomba, kijana anayepigwa na baba wa kambo, mwanafunzi ambaye mtu mzima anamtaka kimapenzi: hao hawana la kuvumilia. Mjane wa Luka 18 alikwenda kwa kadhi tena na tena akidai haki yake, na Yesu alimtoa yeye kuwa mfano wa wasiokata tamaa katika kuomba. Kila mwanzo wa mwaka naandika ubaoni namba 116, simu ya kumsaidia mtoto, isiyolipiwa, na kuwakumbusha kwamba polisi wana dawati la jinsia na watoto. Mwaka mmoja mzazi alilalamika kwamba nafundisha watoto ukaidi. Namba ilibaki ubaoni.

Dawa nazo zimo humu. Kijana anayetumia dawa za kifafa, au ARV, akiambiwa na mtu wa maombi aziache "angoje uponyaji", anapelekwa pabaya. ARV zikiachwa, virusi huongezeka tena mwilini. Ameze dawa, aombe, arudi kliniki tarehe yake.

Dhana: Vijana wa siku hizi hawana subira, simu zimewaharibu

Wazee wa kanisa wanalipenda hili, na mimi nililisema miaka mingi. Simu zinavuruga usikivu, sikatai. Lakini kuna jaribio maarufu la Marekani: mtoto mdogo anawekewa pipi laini mezani, anaambiwa akingoja bila kuila atapewa mbili. Limerudiwa kwa vizazi kadhaa. Watafiti waliolinganisha matokeo mwaka 2018 walikuta watoto wa miaka ya 2000 walingoja kama dakika 2 zaidi ya wale wa miaka ya 1960. Ni watoto wa kule, na ni wadogo kuliko vijana wetu, sitawageuza kuwa Wanyakyusa. Ila inatosha kuniondolea uhakika niliokuwa nao.

Lililonigusa zaidi ni jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester, lililochapishwa mwaka 2013. Kabla ya pipi, mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea. Kundi moja akawaletea. Kundi la pili akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Ndipo ikaja pipi. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Walioangushwa, dakika 3. Walikuwa watoto 28 tu, kundi dogo, lakini swali lao kila mwalimu wa vijana analijua: mtoto asiyengoja amekosa subira, au amekosa wa kumwamini?

Nilipofundisha 1 Samweli 13, Sauli akimngoja Samweli siku 7 pale Gilgali kama alivyoagizwa, kisha akatoa sadaka mwenyewe, kijana mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona Samweli ndiye aliyechelewa?" Wakacheka. Nilimjibu kwamba Samweli alifika Sauli alipokuwa ndiyo kwanza anamaliza, na kwamba Sauli aliacha kutazama neno aliloambiwa akatazama watu wanaotawanyika. Jibu ni sahihi. Ila waliocheka walikuwa wakinicheka mimi.

Mwaka huo nilikuwa nimewaahidi safari ya kwenda Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba juu ya mto Kiwira kule Rungwe. Pasaka ikapita, nikasogeza mpaka Juni. Juni nikasema baridi. Agosti nikasema Nanenane, watu wengi, magari hakuna. Kila mara sababu ilikuwa ya kweli. Taratibu wakaanza kuchelewa darasani, nami nikawasomea Isaya 40:31, ule wa wamngojeao Bwana kupata nguvu mpya, nikiwakemea kwa kukosa subira. Yule wa Samweli ndiye aliyenivua upofu bila kujua.

Jumapili iliyofuata niliwaomba radhi, nikataja tarehe, nikalipia gari siku hiyohiyo ili nisiwe na njia ya kurudi nyuma. Jumamosi yenyewe nilifika kituoni saa 12 kasoro asubuhi, giza bado, umande kila mahali. Nikakuta 19 wamenitangulia, wamejifunika kanga na mablanketi. Nikawauliza wamekuja mapema hivyo kwa nini.

"Shikamoo mwalimu," akasema mmoja. "Tulikuja kuhakikisha kama utakuja."