“Mwache alale, kesho ataamka”: maswali ya wanachuo kuhusu pombe

Bumu, pesa yetu ya mkopo ya kujikimu, limetoka, tumekunywa, mwenzetu kazima. Tumwache alale?

Msimwache peke yake. Neno hili linaniumiza kwa sababu hulisema marafiki wanaompenda kweli. Pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata mtu akishalala, kwa hiyo saa moja baadaye anaweza kuwa na hali mbaya zaidi. Mlazeni kwa ubavu, goti la juu mlikunje mbele asibiringike, mdomo uelekee chini kidogo ili akitapika yatoke nje. Akilala chali, matapishi yanaweza kumziba pumzi. Kisha mmoja akeshe naye, ahesabu pumzi zake. Zikiwa chini ya 8 kwa dakika, au akikaa sekunde 10 bila kupumua, au ngozi imepoa na midomo imebadilika rangi, au mnamwita na kumfinya haitiki, ni hospitali usiku huohuo. Kahawa na maziwa acheni, aliyezima hamezi. Maji ya baridi nayo humpunguzia joto tu.

Tukimpeleka si tutafukuzwa chuo?

Hofu hiyo naielewa, na ndiyo inayochelewesha watu mlangoni. Mpelekeni hata hivyo. Mwambieni daktari ukweli, amekunywa nini na kameza nini. Mkificha vidonge, atatibu kwa kubahatisha.

Kichupa cha Konyagi si kidogo kuliko bia?

Kwa macho tu. Kichupa cha mililita 200 chenye kilevi cha asilimia 35 kina pombe karibu sawa na bia tatu za mililita 500 za asilimia 5. Bia moja kama hiyo, ini huihangaikia zaidi ya saa mbili. Ukikimaliza saa sita usiku, asubuhi unaingia kwenye mtihani bado kimo mwilini.

Nikichanganya na tramadol au valiamu?

Usithubutu. Pombe inapunguza kasi ya kupumua, na vidonge hivyo, cha maumivu na cha kutuliza, vinapunguza pia.

Nakunywa kila siku. Niache ghafla?

Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kwanza, usiache peke yako chumbani. Mwili uliozoea unaweza kupata degedege. Nenda kwa daktari, umweleze unakunywa kiasi gani, akupangie namna ya kuacha salama.