Kuongeza unene wa ukuta si dawa ya tetemeko

Nimeambiwa tena wiki hii: "Injinia, tuongeze unene tu, tetemeko halitaugusa." Litaugusa. Ukuta wa kuzuia udongo kadiri unavyokuwa mzito ndivyo tetemeko linavyopata kitu kizito zaidi cha kusukuma.

Tupige hesabu. Ukuta wa zege wa kilonyutoni 100 kwa kila mita, msuguano wa kitako 0.5. Siku za kawaida una 50 za kuuzuia usiteleze. Ardhi ikitikisika kwa 0.2g, yaani sehemu ya tano ya kasi ya mvutano wa dunia, uzito wake wenyewe unausukuma mbele kwa 20. Zinabaki 30, na hapo hujahesabu udongo wa nyuma, ambao nao unasukuma kuliko kawaida. Mwaga zege mara mbili, utabaki na 60, si 100 ulizozilipia. Watu huweka msukumo wa udongo wakati wa tetemeko kwa kanuni ya Mononobe na Okabe, wakafunga daftari, na hiyo 20 haimo popote!

Tetemeko la Kobe, Japani, Januari 1995: kuta za gati za Port Island, kisiwa cha kutengenezwa, zilikuwa makasha makubwa ya zege. Mchanga uliojazwa chini yake ukageuka uji, mengine yakasogea hadi mita 5 hivi kuelekea baharini. Mjini humo humo, pale Tanata, ukuta mwembamba ulioshikwa na tabaka za wavu wa plastiki ndani ya udongo ulisogea kidogo, ukabaki wima.

Ninachokitilia shaka ni kimo ambacho nguvu ya udongo inasukumia ukuta. Watafiti Seed na Whitman, 1970, waliiweka nyongeza ya tetemeko kwenye 0.6 ya kimo cha ukuta kutoka chini. Majaribio ya Al Atik na Sitar, 2010, yaliikuta karibu na theluthi. Momenti ya nyongeza hiyo, yaani nguvu ya kuupindua ukuta, inatofautiana karibu mara mbili, yaani nondo nyingi. Ukuta ukibeba daraja bado natumia 0.6, na sina hakika kama ndiyo kweli.

Maana abatimenti, ukuta huo unaobeba mwisho wa daraja, ina tabia yake: sitaha ya daraja inaishikilia juu, kinachosogea ni kitako, ukuta unalala nyuma. Kifusi, yaani udongo uliojazwa nyuma yake, kinashuka, barabara inaachana na daraja, na gari la wagonjwa linakwama mbele ya daraja zima. Ukiwa na pesa ya ziada, nipe ya kushindilia kifusi, ya kokoto na mabomba ya kutolea maji, na ya bamba la zege la kuingilia darajani, lililofungwa kwenye abatimenti kwa nondo.