Je, Mita 30 Kati ya Choo na Kisima Zinatosha? Maswali na Majibu Kuhusu Safari ya Bakteria Ardhini

Kisima chetu kiko zaidi ya mita 30 kutoka choo cha jirani. Bado kuna sababu ya kuwa na wasiwasi?

Jibu linategemea zaidi aina ya ardhi iliyo kati ya kisima na choo kuliko idadi ya mita. Miongozo mingi ya afya hutaja mita 30 kuwa umbali wa chini kati ya choo cha shimo na chanzo cha maji, na hutaka kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Vipimo hivyo vinafaa pale ambapo maji hupenya polepole kwenye udongo au mchanga. Penye jiwe lenye nyufa, mita hizo 30 huweza kupitwa kwa siku moja au hata kwa saa chache.

Wakulima wa Unguja na Pemba wamekwisha kuipanga ardhi yao kwa majina: mchanga na kichanga, kinongo chekundu, kinamo kizito cha mabondeni kinachofaa mpunga, kisha uwanda na maweni, ambako jiwe la matumbawe limejitokeza juu na udongo unapatikana kwa kuokoteza katika mifuko ya mawe. Majina hayo yaliwekwa kwa ajili ya kilimo, lakini anayechimba kisima au choo angeyazingatia vilevile, kwa kuwa yanaeleza vizuri kiasi ambacho kila ardhi itawazuia au kuwapitisha bakteria.

Bakteria huogelea wenyewe kutoka chooni hadi kisimani?

Hapana, ingawa baadhi yao wanajua kuogelea. *Escherichia coli*, ambaye huishi katika utumbo wa watu na wanyama, ana mikia myembamba inayozunguka na kumsukuma kwa mwendo wa sehemu mbili hadi tatu za mia za milimita kwa sekunde. Angekwenda moja kwa moja, angemaliza takriban mita mbili kwa siku. Lakini hubadilisha mwelekeo karibu kila sekunde, mara huku mara kule, hivyo siku nzima ikipita huwa amejitenga na alipoanzia kwa kiasi cha sentimita moja hivi.

Anayembeba ni maji. Mhandisi Henry Darcy wa mji wa Dijon, Ufaransa, alichapisha mwaka 1856 majaribio yake ya kupitisha maji katika mchanga, akaonyesha kwamba kiasi kinachopita hutegemea tofauti ya usawa wa maji kati ya upande mmoja na mwingine, pamoja na wepesi wa ardhi yenyewe kupitisha maji. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Katika mchanga, maji ya ardhini kwa kawaida husogea kwa sentimita chache hadi mita moja hivi kwa siku, na katika mifereji iliyomo ndani ya chokaa huweza kwenda mamia ya mita kwa siku, pengine kilomita kadhaa.

Mchanga na udongo huwazuia kwa njia gani?

Wengi hudhani kwamba mchanga hufanya kazi kama kifumbu cha kuchujia tui, yaani kilicho kikubwa hubaki juu na kilicho kidogo hupita. Kwa bakteria, hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Bakteria mmoja ana urefu wa takriban mikromita 2, maana yake 500 wakipangwa kwenye mstari watafikisha milimita 1, ilhali nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga huwa kubwa kuliko hapo mara nyingi. Angeweza kupita bila kugusa ukuta.

Kinachomkwamisha hasa ni kunata. Uso wa bakteria na uso wa chembe nyingi za mchanga huwa na chaji hasi, kwa hiyo husukumana kidogo. Lakini mahali ambapo chembe zimefunikwa na kutu ya chuma chaji huwa chanya, na bakteria huvutwa. Wekundu wa kinongo unatokana na kutu hiyo hiyo, jambo ambalo mwenye shamba la kinongo anaweza kujivunia bila kujua. Chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji nayo hupunguza kule kusukumana na kuwasaidia bakteria kunata.

Hapo ndipo mvua inapoingia kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Maji ya mvua hayana chumvi nyingi. Yanapopenya ardhini kwa wingi wakati wa masika, hupunguza chumvi katika maji yaliyokuwamo, na bakteria walionata wiki zilizopita hubanduka na kuendelea na safari. Kwa hiyo kisima huweza kuchafuka baada ya mvua hata kama hakuna uchafu mpya ulioongezwa shimoni.

Lipo pia tabaka la ardhi kati ya kitako cha shimo na usawa wa maji, ambalo nafasi zake zina hewa na maji pamoja. Maji hupita humo kama utando mwembamba juu ya chembe, polepole, na bakteria hulazimika kugusana na kila kitu. Hapo ndipo wengi wao huishia, na ndiyo sababu ya ile mita 1.5. Chini ya shimo la zamani hujengeka tena utelezi unaoziba vitundu vya udongo na kupunguza uvujaji, kiasi kwamba shimo jipya huweza kuvujisha bakteria wengi zaidi katika miezi yake ya mwanzo kuliko lile lililotumika kwa muda.

Na penye jiwe la matumbawe?

Karibu yote niliyoyaeleza katika jibu lililotangulia hayapo. Jiwe la matumbawe ni chokaa. Maji ya mvua yakichukua kabonidayoksaidi hewani na katika udongo huwa na ukali kidogo wa asidi, na ukali huo, kwa maelfu ya miaka, huyeyusha chokaa na kupanua nyufa hadi ziwe mifereji na mapango. Katika mfereji wenye upana wa kidole, bakteria aliye katikati ya mkondo hakutani na kitu cha kunatia. Tabaka la udongo juu ya jiwe ni jembamba au halipo kabisa, na shimo la choo lililotobolewa kwa nyundo na mtarimbo mara nyingi huishia moja kwa moja ndani ya ufa. Mwenye shimo hufurahi kwamba karo lake halijai. Karo lisilojaa kwa miaka 10, katika ardhi ya maweni, ni dalili ya kutia shaka, kwa sababu maji yake yanakwenda mahali fulani.

Bahari huongeza jambo jingine. Karibu na pwani, maji ndani ya visima vya jiwe la matumbawe hupanda na kushuka yakifuata kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya bahari, usawa huo huweza kupanda hadi kukilowesha kitako cha shimo ambacho siku za maji mafu kilikuwa kikavu, na kila maji yanaposhuka huchukua kitu pamoja nayo. Kwa hiyo usawa wa maji upimwe wakati wa bamvua na masika, si siku ya kiangazi ambayo fundi amepata nafasi ya kuja.

Hali hii si ya Zanzibar peke yake. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la aina hiyo, na visima na mashimo ya maji taka yako humo katika mitaa ile ile. Sehemu kubwa ya Lusaka, mji uliopata milipuko mikubwa ya kipindupindu mwaka 2017 na tena kuanzia mwaka 2023, imejengwa juu ya mwamba wa jamii ya chokaa wenye nyufa nyingi, na wakazi wa mitaa yenye msongamano wamekuwa wakitumia visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo. Kipindupindu kina njia nyingi za kuenea, pamoja na chakula na mikono, lakini mwamba wa namna hiyo unaiacha wazi njia moja ambayo udongo mzito ungeibana.

Je, kisima kirefu cha mashine hakiwezi kuchafuka?

Kinaweza. Mfano ulioandikwa kwa kina zaidi ni wa mji mdogo wa Walkerton, katika jimbo la Ontario, Kanada. Kisima namba 5 cha mji huo kilikuwa na kina cha mita 15, lakini bomba la kukinga kuta zake lilishuka mita 5 tu, na maji yake yaliingia kutoka kwenye mwamba wenye nyufa ulio chini kidogo ya hapo. Mwezi Mei mwaka 2000, baada ya siku kadhaa za mvua kubwa, bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe iliyotandazwa katika shamba la karibu waliingia kisimani. Klorini haikutiwa ya kutosha, na vipimo vilivyopaswa kufanywa kila siku havikufanywa. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 walifariki, wengi wakiwa wameambukizwa *E. coli* wa aina ya O157:H7 au *Campylobacter*. Uchunguzi wa serikali ulieleza kwamba mkulima mwenyewe alikuwa amefuata taratibu zinazokubalika.

Kinacholinda, basi, ni urefu wa bomba lililozungushiwa saruji bila mwanya, pamoja na aina ya mwamba ambao maji yanatoka. Kina cha kisima peke yake hakitoshi. Pampu yenye nguvu nayo hushusha usawa wa maji kukizunguka kisima katika umbo la faneli, na maji ambayo zamani yalikuwa yakielekea baharini hugeuka na kufuata pampu, hata kutoka upande wa choo kilichodhaniwa kuwa kwenye mteremko salama.

Bakteria huishi muda gani chini ya ardhi?

Wengi wa wale wanaosababisha magonjwa ya tumbo hupungua sana katika wiki chache. Hawapati chakula cha kutosha, na viumbe wadogo wa ardhini huwala. Ujerumani na Uingereza huweka eneo la hifadhi ambalo maji huchukua siku 50 kulivuka hadi kufika kisimani, na utaratibu huo una mantiki kuliko kuhesabu mita, kwa sababu unauliza muda, na muda ndio unaowaua. Maji ya ardhini ya pwani yetu, ambayo ni ya vuguvugu, huwamaliza haraka kuliko maji baridi ya Ulaya. Virusi ni habari nyingine: kirusi cha homa ya ini aina A kina upana wa takriban nanomita 30, makumi ya mara chini ya bakteria, na huweza kudumu na kufika mbali zaidi.

Maji yetu ni meupe, ya baridi na hayana harufu. Hiyo si dalili njema?

Si dalili ya chochote kuhusu bakteria. Kijiko cha maji chenye bakteria 10,000 hubaki kimetakata machoni.

Tupime nini, na lini?

Kipimo cha msingi ni *E. coli*: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kupima naitreti, yaani chumvi yenye nitrojeni inayoyeyuka majini, husaidia pia, kwa kuwa hutokana na maji ya vyooni (na mbolea), haichujwi na udongo kama bakteria, na kiwango kinachopanda mwaka hadi mwaka huonyesha kwamba njia kutoka chooni ipo hata pale bakteria wanapokosekana siku hiyo. Sampuli moja safi ya mwezi wa Januari haitoshi. Ichukuliwe nyingine mara tu baada ya mvua za kwanza kubwa, hasa katika mitaa ambayo watu hutapisha vyoo vyao mvua inaponyesha.

Kabla ya kumlaumu jirani, hata hivyo, tazama mdomo wa kisima chako. Ndoo inayowekwa chini na kamba inayoburutwa mchangani huingiza uchafu bila kupitia ardhini hata kidogo, na vivyo hivyo sakafu ya saruji yenye ufa inayorudisha maji yaliyomwagika. Dosari hizo ni rahisi kurekebisha kuliko kuhamisha choo.

Vipimo vikionyesha uchafu, tumwage klorini kisimani?

Klorini inayomwagwa kisimani husafisha maji yaliyomo wakati ule. Ikiwa uchafu uliingia mara moja, kwa mfano wakati wa kufukua au baada ya mafuriko, hatua hiyo inafaa. Ikiwa unaingia kila siku kupitia ufa, maji mapya yatafika na bakteria wapya ndani ya saa au siku chache, na harufu ya klorini itakuwa imekwisha. Katika hali hiyo maji ya kunywa yatibiwe nyumbani: yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa, yakiwa yamechujwa kwanza kama yana vumbi au matope. Maji ya kisima hicho bado yanafaa kufua na kudekia.

Kuhusu choo chenyewe, penye maweni suluhisho ni tangi lililojengewa kitako na kuta zisizovuja, linalonyonywa na gari likijaa, au choo kilichoinuliwa juu ya ardhi chenye chumba kilichosakafiwa. Gharama yake ni kubwa, na kwa nyumba nyingi za mtaa mmoja huwa nafuu zaidi kuchangia bomba la maji kutoka mahali pengine kuliko kila mmoja kujenga tangi lake.