Kalenda 14, ombi moja: kusoma ratiba za kumbi za harusi

Mama mmoja anayesimamia kumbi za harusi Sinza na Mwenge, Dar es Salaam, aliniita nimtazamie ukurasa wake wa ratiba. Kila ukumbi una kalenda yake ya Google, mpambaji ana yake, wapishi wana yao, jumla 14. Kamati ya harusi ikipiga simu kuulizia Jumamosi fulani, anafungua ukurasa na kusubiri. "Mwanangu, mpaka huo ukurasa uje kufunguka, ukumbi wa jirani wameshapokea advansi."

Programu ilikuwa inaomba matukio ya kalenda ya kwanza, inangoja jibu, ndipo inaomba ya pili. API ya Google Calendar, yaani mlango ambao programu huombea data, haikupi matukio ya kalenda nyingi kwa mpigo: events.list, amri yake ya kusoma matukio, inapokea kitambulisho cha kalenda moja tu. Ombi likichukua nusu sekunde, kalenda 14 ni sekunde saba, na hapo mtandao haujasumbua.

Wengi hukimbilia kutuma maombi yote sambamba, au kuyafunga katika fungu moja, ambalo linabeba hadi maombi 50. Inasaidia. Ila kila ombi lililomo ndani ya fungu linahesabiwa peke yake kwenye kiwango chako cha matumizi, yaani idadi ya maombi unayoruhusiwa na Google. Safari zinapungua, kazi iko palepale.

Mimi naanza na swali la mwenye kazi. Mteja akiwa kwenye simu, mama anataka kujua jambo moja: ukumbi uko wazi au umeshikwa? Hapo inatosha freebusy.query, ombi moja linalopokea kalenda hadi 50 na kurudisha vipindi vilivyoshikwa tu. Jina la bibi harusi halisafiri bure.

Kwa ratiba kamili, tegemeo langu ni syncToken, alama inayoonyesha ulisoma hadi wapi. Mara ya kwanza unasoma kalenda yote, ukurasa kwa ukurasa. Usipotaja idadi unapewa hadi matukio 250 kila ukurasa, na unaweza kuomba hadi 2500. Ukurasa wa mwisho unakuja na nextSyncToken, yaani tokeni ya safari ijayo. Itunze pamoja na kitambulisho cha kalenda hiyo. Safari inayofuata unaituma, unapewa yaliyobadilika tu, na mara nyingi hakuna lililobadilika. Tukio lililofutwa linarudi likiwa na hali ya cancelled. Usipoliondoa kwako, harusi iliyovunjika itaendelea kushika ukumbi. Ukijibiwa msimbo wa kosa 410, tokeni imekwisha muda: futa ulichonacho cha kalenda hiyo, usome upya. Na tafadhali, matukio na tokeni mpya viandikwe kwenye hifadhidata kwa muamala mmoja, yaani viingie vyote au kisiingie hata kimoja. Tokeni ikitangulia kuandikwa halafu umeme ukakatika, mabadiliko yale hutayaona tena.

syncToken haichanganyiki na timeMin wala timeMax, vichujio vya Google vya mwanzo na mwisho wa muda, kwa hiyo kuchuja tarehe tunafanya wenyewe. Hapo ndipo nilipokosea. Seva ilihesabu siku kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Dar kwa saa tatu, kwa hiyo Jumapili yake ilianza saa tisa usiku ya Dar. Harusi ya Jumamosi iliyopangwa kuisha saa nane usiku haikuonekana kwenye orodha ya Jumapili. Vijana wa usafi wakafika saa saba usiku na ndoo zao, wakakuta muziki umepamba moto na keki haijakatwa. Nililiona kosa hilo kwa uchungu, maana wale vijana walilala kwenye viti vya nje.

Siku ianze 00:00:00+03:00, yaani saa sita usiku ya Dar. Kisha chukua kila tukio linaloisha baada ya mwanzo wa siku na kuanza kabla ya mwisho wake. Hata timeMin ya Google inalinganishwa na mwisho wa tukio, si mwanzo. Tukio la siku nzima nalo lina tarehe bila saa, na tarehe yake ya mwisho haihesabiwi: shughuli ya tarehe 14 peke yake inaandikwa 14 hadi 15. Kagua pia saa zilizoandikwa kwa mkono, kwani "saa 2 usiku" ya harusi ni 20:00, na nimeikuta imeingizwa 02:00.

Likabaki la marudio. Mpambaji akialikwa kwenye tukio la ukumbi, harusi hiyohiyo inaonekana kwenye kalenda mbili. Vitambulisho vya kawaida havitoshi kuziunganisha. iCalUID, kitambulisho kingine cha tukio, ndiyo inayofanana kote. Tukio linalojirudia lina iCalUID moja kwa siku zake zote, kwa hiyo ufunguo wangu ni iCalUID pamoja na muda wa kuanza. Sasa mama anaona harusi moja kwa mstari mmoja, na chini yake nani anapamba, nani anapika.