Je, Wajua? Nembo ya BMW Haikutokana na Rafadha ya Ndege

Muulize mpenzi yeyote wa magari kwa nini nembo ya BMW ina duara lenye robo nne za bluu na nyeupe, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: ile ni rafadha, yaani panga boi la mbele ya ndege, likizunguka kwa kasi huku anga la bluu likionekana nyuma yake. Utalisikia jibu hili gereji, utalisikia vijiweni, na kuna vitabu vya magari vilivyolichapa bila kulichunguza. Tena lina mantiki, maana kampuni hiyo kweli ilianzia kwenye injini za ndege na haikuwa na gari hata moja kwa miaka zaidi ya kumi. Lakini si kweli, na watunza kumbukumbu wa BMW wenyewe wamekwisha kulikanusha.

Tarehe ndizo zinazolimaliza suala hili. Mwaka 1913, mhandisi Karl Rapp alianzisha kiwanda cha injini za ndege mjini Munich, katika ufalme wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Nembo yake ilikuwa duara lenye ukingo mweusi, jina la kiwanda limeandikwa kuzunguka ukingo huo, na katikati kichwa cha farasi kama kile cha kete ya sataranji. Injini zake zilikuwa na sifa mbaya ya kutetemeka. Mwaka 1917 Rapp aliondoka, na mwezi Julai mwaka huohuo kiwanda kikabadilishwa jina kuwa Bayerische Motoren Werke, yaani Viwanda vya Injini vya Bavaria. Tarehe 5 Oktoba 1917 nembo mpya ikaandikishwa kwenye daftari la alama za biashara la Ujerumani.

Nembo hiyo mpya ilibakiza ukingo mweusi wa Rapp, na herufi B, M na W zikakaa mahali palipokuwa na jina la zamani. Farasi akatolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na rangi za Bavaria, nyeupe na bluu, zilezile za bendera ya jimbo hilo hadi leo. Kampuni imejiita ya Bavaria, basi ikajivika rangi za Bavaria. Maelezo ni hayo tu, na hayahitaji ndege yoyote.

Sasa itazame nembo kwa karibu. Robo ya juu kushoto ni ya bluu, na inayofuata, juu kulia, ni nyeupe. Nembo za kifalme za Ulaya husomwa kuanzia juu kushoto kwa kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo hapa tunasoma bluu kisha nyeupe. Wabavaria wenyewe huzitaja rangi zao kinyume cha hapo: nyeupe kwanza, bluu baadaye. Mgeuzo huo ulikuwa wa makusudi. Sheria ya alama za biashara ya wakati ule ilikataza mfanyabiashara kuweka ngao ya dola, au alama nyingine ya mamlaka ya nchi, kwenye bidhaa zake. Bavaria ilikuwa bado na mfalme, na rangi zake hazikuwa za kuchezewa. Kwa kuzigeuza mpangilio, kampuni ilipata rangi ambazo kila Mbavaria angezitambua bila kuikanyaga sheria. Mimi naona ushahidi huu una uzito kuliko mwingine wote, kwa sababu mchoraji wa rafadha asingekuwa na sababu ya kujali rangi ipi ikae kushoto.

Upo ushahidi mwingine, na huu huwa haukumbukwi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kiwanda cha magari cha BMW kilichokuwa mji wa Eisenach, katika jimbo la Thuringia, kilibaki upande uliotawaliwa na Warusi. Huko wakaendelea kutengeneza magari yenye jina la BMW, hata baada ya kampuni ya Munich kupinga, hadi mwaka 1952 walipolazimika kubadilisha jina kuwa EMW. Nembo yao ikabaki na duara lilelile na robo zilezile nne, ila palipokuwa na bluu pakawa na nyekundu. Bendera ya Thuringia ni nyeupe na nyekundu. Hilo peke yake halithibitishi waliokaa Munich mwaka 1917 waliwaza nini, lakini ni vigumu kumwona mtu akichora rafadha inayozunguka mbele ya anga jekundu.

Basi hadithi ya rafadha ilitoka wapi? Iliwekwa na BMW yenyewe, miaka kumi na miwili baadaye. Kufikia mwaka 1929 kampuni ilikuwa na leseni ya kutengeneza injini za ndege za Pratt & Whitney ya Marekani, na ilitaka wateja wazijue. Likachorwa tangazo la ndege ambalo ndani ya mzunguko wa rafadha yake ilionekana nembo ya BMW. Lilikuwa tangazo zuri, na mtu akishaliona ni vigumu kuitazama nembo tena kwa macho ya zamani. Mwaka 1942 jarida la kampuni la habari za injini za ndege likachapa makala iliyoihusisha nembo na rafadha, pamoja na picha ya kuithibitisha. Kuanzia hapo picha iliyobuniwa kwa ajili ya biashara ikawa historia midomoni mwa watu, na kwa miongo mingi kampuni haikujisumbua sana kuirekebisha. Tangazo limezaliwa kutokana na nembo, kisha watu wakaamini kwamba nembo imezaliwa kutokana na kilichochorwa kwenye tangazo.

Kinachosikitisha ni kwamba hadithi hii ya uongo imeifunika ya kweli, ambayo ni tamu zaidi. Urithi wa ndege uko ndani ya BMW, ila hauko kwenye nembo. Uko kwenye injini iliyoiokoa kampuni ikiwa changa, iliyobuniwa na mhandisi Max Friz, ambaye alijiunga na kiwanda mwaka 1917 akitokea kampuni ya Daimler.

Tatizo alilokabiliana nalo Friz lilikuwa la hewa. Injini ya petroli hula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta rubani ameyabeba kwenye tenki, lakini hewa anaiokota njiani, na kadiri anavyopanda ndivyo inavyozidi kuwa hafifu. Wanaopanda Kilimanjaro wanaijua hali hii: kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa usawa wa bahari. Pistoni ya injini ikishuka ndani ya silinda huvuta ujazo uleule wa hewa kila mara, iwe ufukweni au kileleni, lakini huko juu ujazo huo una oksijeni nusu tu. Oksijeni ikipungua, mafuta yanayoweza kuungua yanapungua, na nguvu inaporomoka. Katika mapigano ya angani ya mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, aliyekuwa juu ndiye aliyechagua lini ashambulie na lini aondoke zake. Injini iliyochoka mapema ilimwacha rubani wake chini ya adui.

Njia aliyoichagua Friz inaeleweka vizuri ukiliwaza jiko la mkaa, lile lenye mlango mdogo wa hewa chini. Fundi wa kawaida hutengeneza jiko linalokitosha chungu chako mlango ukiwa wazi wote. Lipeleke jiko hilo mahali penye hewa hafifu, moto utafifia na hutakuwa na la kufanya, maana mlango umekwisha kufunguka hadi mwisho. Friz alitengeneza jiko kubwa kuliko chungu. Bondeni, mlango wake unaachwa wazi nusu tu, na moto wa nusu mlango unatosha kupika. Ukiufungua wote ukiwa hukohuko chini, utaunguza chakula na kuliharibu jiko. Lakini kadiri unavyopanda mlima na hewa kupungua, unaufungua kidogo kidogo, na moto unabaki na ukali uleule hadi utakapofika mahali ambapo mlango umefunguka kabisa. Kuanzia hapo ndipo nao unapoanza kufifia, wakati majiko ya wenzako yamekwisha kufifia zamani.

Ndivyo ilivyokuwa injini ya BMW IIIa. Ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 19 na kidogo, na mgandamizo ndani ya silinda uliokuwa mkubwa kuliko ule ambao petroli ya siku zile ingeuvumilia kwenye hewa nzito ya chini. Mgandamizo huo ukikutana na hewa nzito, mchanganyiko wa mafuta hulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio. Hali hiyo ndiyo mafundi wetu huiita injini kugonga, na ikiachwa huweza kuzitoboa pistoni. Kwa hiyo Friz aliiwekea injini kabureta maalumu ya kutumika juu, na rubani akakatazwa kuifungua kikamilifu kabla hajafika kiasi cha mita 2,000. Akishavuka hapo, anasukuma mkono wa kabureta mbele na kuipata nguvu ambayo muda wote ilikuwa imezuiliwa.

Friz hakuwa peke yake katika wazo hili. Maybach, kiwanda kingine cha injini cha Ujerumani, nao walikuwa na injini iliyojengwa kwa kanuni hiyohiyo. Pia nguvu ya farasi 185 iliyoandikwa kwa BMW IIIa isilinganishwe moja kwa moja na namba za injini nyingine za wakati ule, kwa sababu viwanda havikupima kwa namna moja, na injini hii ilikusudiwa kupimwa huko juu kwenye hewa hafifu. Kipimo kizuri zaidi ni ndege ya kivita ya Wajerumani, Fokker D.VII. Ndege hiyohiyo ilitoka ikiwa na injini ya Mercedes au ya BMW, na ile ya BMW ilipanda upesi zaidi kwa tofauti ambayo marubani waliihisi waziwazi. Wengi waliitafuta kwa udi na uvumba, na hazikutosha. Vita vilipokwisha, mkataba wa kusimamisha mapigano wa tarehe 11 Novemba 1918 uliitaja aina hiyo ya Fokker kwa jina katika orodha ya ndege ambazo Ujerumani ilitakiwa kuzisalimisha.

Tarehe 17 Juni 1919, rubani Franz Zeno Diemer alipanda kutoka Munich na ndege yenye injini iliyofuata, BMW IV, akafika mita 9,760. Huo ni urefu unaozidi kilele cha Everest kwa mita zaidi ya 900, katika ndege ya wazi. Siku kumi na moja baadaye ukatiwa saini Mkataba wa Versailles, na Ujerumani ikazuiwa kutengeneza ndege na injini zake.

Yaliyofuata ni habari za kampuni kutafuta riziki. BMW ilitengeneza breki za treni. Mwaka 1922 jina na kazi ya injini vikahamishiwa kampuni nyingine ya Munich iliyoanzishwa mwaka 1916, na ndiyo maana BMW ya leo huuhesabu mwaka huo kuwa wa kuzaliwa kwake. Mwaka 1923 Friz yuleyule akabuni pikipiki ya R 32, yenye silinda mbili zilizolala kushoto na kulia ili zote zipate upepo wa kuzipoza. Gari lilikuja mwisho kabisa: mwaka 1928 BMW ilikinunua kile kiwanda cha Eisenach, kilichokuwa kikiunda gari dogo la Dixi kwa leseni ya Austin ya Uingereza. Gari la kwanza kubeba nembo ya bluu na nyeupe, kwa hiyo, asili yake ni Uingereza.

Halafu vikaja vita vya pili, ambavyo historia ya kampuni hii haiwezi kuvikwepa. BMW ilirudi kwenye injini za ndege za kivita, na katika kiwanda chake cha Allach, karibu na Munich, ilitumikisha kwa nguvu wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Dachau. Baada ya vita ilibaki hoi. Mkutano wa wanahisa wa tarehe 9 Desemba 1959 nusura uikabidhi kwa Daimler-Benz. Wanahisa wadogo na wauzaji wa magari wakakataa, kisha tajiri wa viwanda Herbert Quandt akaweka fedha zake. Mwaka 1961 ukaonyeshwa mjini Frankfurt mfano wa BMW 1500, gari la familia lenye mwendo wa kusisimua, na sifa ya BMW tunayoijua leo ikaanza kujengwa.

Kilichotoka angani kikafika barabarani ni mpangilio wa injini. Silinda sita zikiwa mstari mmoja, pistoni zake husawazishana mwendo, mtetemo wa moja ukifutwa na wa nyingine. Kwa kiwanda kilichorithi sifa ya injini za kutetemeka, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Mpangilio huo uliingia kwenye magari ya BMW mwaka 1933 kupitia gari la 303, lililokuwa pia la kwanza kuwa na ile grili yenye umbo la figo mbili. Wenzao wengi waliuacha kwa muda mrefu na kuhamia silinda sita za umbo la V kwa sababu ni fupi na huingia kirahisi chini ya boneti. BMW haikuuacha, na hadi sasa injini hizo bado inaziunda.